Rubani wa Kiti cha Plastiki

"Tantine Amisa, siku batakurudishia ndege, utakuwa ungali unajua kuishukisha?"

Nilimuuliza hivyo shangazi yangu wa ujirani mwaka wa korona, nikiwa bado shule ya msingi, nimesimama katikati ya lupango, yaani kiwanja cha nyumba, ya baba yake. Yeye alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki cha buluu, macho ameyafumba, mikononi ameshika kifuniko cha sufuria kubwa kama mtu anayeshika usukani. Akafungua jicho moja.

"Toka mu piste, mutoto."

Kisha akalifumba tena. Nikatoka, kwa sababu piste ni mahali ndege inapokimbilia kabla ya kuruka, na piste ile ilianzia miguuni pake ikaishia mlango wa jikoni, ikipita katikati ya kuku. Jibu sikulipata. Nilirudi kwetu, upande wa pili wa ua wa matete, nikiwa na hamu kubwa kuliko niliyokuja nayo.

Ukifika Kamina leo ukaulizia nyumba ya Amisa, watu watakuuliza, "Amisa gani? Ule ya ndege?" Akina Amisa ni wengi mjini, hasa katika familia za Kiislamu zilizokuja zamani kutoka Maniema kwa biashara, lakini wa ndege ni mmoja. Baba yake, Papa Lukmani, ana duka karibu na soko. Anauza vitenge, sabuni, betri, na nyavu zinazokwenda Mulongo na kurudi zikiwa zimegeuka samaki wakavu. Katika nyumba ile mtoto hujifunza kupima kitenge kabla ya kujifunza kuandika jina lake. Kaka yake Amisa, Sadiki, alijifunza akabaki dukani. Amisa naye alijifunza, tena vizuri, lakini jicho lake lilikuwa kwingine.

Namna alivyoanza kupenda ndege huisimulia mwenyewe. Alikuwa msichana mdogo, amepanda lori la baba yake, na lori likazama kwenye tope njia ya Kabondo-Dianda msimu wa mvua. Wakalala pale, wakaamka pale, samaki wakaanza kunuka. Ndege ndogo ikapita juu yao.

"Papa, ule mwenye kuendesha ile ndege ni nani?"

"Ni muntu mwenye hajue matope," akasema Papa Lukmani, ambaye matope yalikuwa yamemfika magotini.

"Bon. Minyi pia sitaki kuyajua."

Papa Lukmani anasema alidhani mtoto ana njaa. Lakini mfanyabiashara akikutana na mtu anayejua anachotaka, hamsahau. Miaka ikapita, Amisa akamaliza sekondari Lubumbashi, akapelekwa shule ya urubani Afrika Kusini, akarudi na leseni pamoja na tabia ya kutazama mawingu kabla ya kumsalimia mtu. Kampuni moja ndogo ikamchukua awe copilote, yaani rubani msaidizi, kwenye Caravan, ndege yenye injini moja tu puani. Walibeba watu, dawa za hospitali, vifaranga, simu, kila kitu ambacho barabara zetu zingekimeza kabla hakijafika.

Asubuhi ya safari mama yake, Mama Mwajuma, alikuwa anasimama mlangoni akisoma dua mpaka sauti ya injini ipotee kabisa. Hapo ndipo anawasha makaa. Sisi majirani tulijua: siku Amisa akiruka, chai ya kule inachelewa.

Kuna mzee mmoja, mfanyabiashara wa samaki, aliyepanda kwenda Mulongo na kukataa kukaa mpaka aonyeshwe pilote ni nani. Kapteni akajionyesha. Mzee akafunga mkanda, akamtazama Amisa pale mbele, akasema, "Muzuri. Lakini huyu binti asiguse kintu." Siku hiyo ilikuwa zamu ya Amisa kuendesha. Alimpeleka mzee mpaka Mulongo, akamtua taratibu kama yai, na mzee akashuka akimpa kapteni mkono wa shukrani. Amisa alikuwa na uhakika kwamba siku ingefika.

Kisha ikafika korona. Sisi watoto tuliijua kwa sababu shule zilifungwa. Amisa aliijua kwa sababu juu kulinyamaza. Ndege za abiria zilisimamishwa, kampuni ikabakiza safari chache za mizigo, nazo zikafanywa na makapteni wa zamani. Wasaidizi wakatumwa nyumbani kwa jina la Kifaransa, chômage technique. Sadiki alimtaka dada yake amweleze jina hilo.

"Maana yake, kazi niko nayo."

"Na mushahara?"

"Mushahara haiko."

"Basi hata minyi niko mu chômage technique ya kuwa gavana," akasema Sadiki. "Kamata carton ya sabuni, kapteni. Panga."

Akapanga. Aliuza sabuni, na aliiuza vizuri. Wateja wakaanza kumwita Kapteni Sabuni, naye akaitika. Lakini nyuma ya kaunta alikuwa anatazama simu. Kwenye kundi la marubani aliosoma nao, habari zilikuwa zinaingia kutoka kila nchi. Makampuni makubwa yenye ndege za orofa yalikuwa yanawafukuza marubani kwa mamia, watu wenye nywele nyeupe waliorusha ndege tangu yeye hajazaliwa. Mwenzake Josaphat, wa Lubumbashi, alikuwa ameanza kufuga. Alituma picha ya banda lake na maneno haya: "Hizi kuku zangu pia hazirukake. Tuko pamoja." Kundi zima likacheka.

Siyo kwamba Amisa hakuwa na wasiwasi. Alikuwa nao, ila aliufunga kama watu wa kwao wanavyofunga mzigo wa safari ndefu, kamba imekazwa, hakuna kinachoning'inia. Papa Lukmani alimwambia kwa upole, wakiwa dukani, kwamba duka la pili lingeweza kufunguliwa kwa jina lake.

"Aksanti, Papa. Lakini ukifungua duka ya pili, tafuta muntu wa kulilinda. Minyi nitakuwa mu kazi."

"Kazi gani, mwanangu?"

"Yangu."

Ndipo ujumbe wa sauti ukaja kutoka Lubumbashi. Ulikuwa wa Kapteni Matthias, mkubwa wa marubani wa kampuni. Alisema safari zitakapofunguliwa abiria watakuwa wachache, kwa hiyo atachukua copilote mmoja tu. Waliokuwa wanangoja ni wawili, Amisa na Jéthro, kijana wa Kolwezi, hodari, ambaye Amisa mwenyewe alikuwa akimsifu. Matthias angekuja Kamina na ndege awajaribu wote siku moja. Atakayebaki, abaki. Mwingine ajitafutie.

Tatizo ni kwamba rubani asiyeruka husahau. Amisa alinieleza baadaye: kichwa hakisahau, mkono ndio husahau. Kichwa kinasema vuta, mkono unauliza vuta kiasi gani. Na ndege ya kufanyia mazoezi haikuwepo. Marubani wa dunia nzima wana dawa moja ya ugonjwa huo, nayo ni kurusha kiti. Unakaa, unafumba macho, unafanya kila kitu kwa mpangilio wake, kwa mikono na kwa mdomo, kuanzia kuwasha injini mpaka kuizima. Hakuna ajabu yoyote.

Ajabu ilikuwa ni kuifanya Kamina.

Usukani wake ulikuwa kifuniko cha sufuria. Mkono wa kuongezea nguvu za injini ulikuwa mwiko wa bukari, ugali wetu, ameuchomeka kati ya kreti mbili za soda. Miguuni aliweka kandambili mbili kuukuu, akizisukuma moja baada ya nyingine. Mama Mwajuma alikuwa akitoka jikoni mchana, maji yanachemka, unga uko tayari.

"Amisa, mwiko wangu iko wapi?"

"Ngoja, Mama. Niko yulu ya Malemba, Mulongo iko karibu."

"Na shiye tuko chini, na njaa."

Lakini alingoja.

Sasa ua wa matete una matundu, na matundu yana macho. Mama Kyabu, jirani wa upande mwingine, anayekaanga mikate ya kuuza asubuhi, alipita akachungulia. Alichokiona ni mwanamke mzima, macho amefumba, mikono inavuta vitu visivyoonekana, mdomo unanong'ona majina kwa lugha ya wazungu, kisha mwanamke huyo anapumua na kusema, "Tumefika Mulongo." Juma lile lile dada yake Mama Kyabu alikuwa amepiga simu. Anakaa wapi? Mulongo. Alisema nini? Kwamba juu ya bati la nyumba yao kumelia kitu kizito, na asubuhi hawakukiona.

Kila mtu kwetu anajua kwamba walozi, yaani wachawi, wana ndege zao. Wengine husafiri kwa lungo, lile la kupepetea mihogo na mahindi. Wanaondoka wakikaa, macho wamefumba, na mwili unabaki. Basi watu wakaunganisha. Amenyang'anywa ndege ya mchana, amechukua ile ingine. Kufika Jumapili avenue nzima, mtaa wetu wote, ilikuwa inalijua hilo. Kanisa na msikiti vilikuwa vimefungwa, kwa hiyo watu walikuwa na muda.

Amisa alilipokea kwa kicheko. Kicheko kiliisha siku alipokuja Sifa, dada anayeuza tiketi za kampuni pale mjini. Hakukaa. Barakoa ilikuwa kidevuni, akaipandisha, akaishusha tena.

"Tantine, bantu banakuya kuniuliza. Banasema, safari zikifunguliwa, ni nani atabapeleka? Kama ni Amisa, bao batapanda lori."

"Barabara ya Kabondo-Dianda?"

"Hata ile. Banasema ni heri matope. Na Kapteni Matthias akisikia abiria banakukimbia, sijue kama atakufanyia hata ile test."

Hapo mambo yakawa wazi kwa kila mtu mle ndani. Mkono wake ungeweza kukumbuka yote, na bado nafasi ikaenda kwa Jéthro kwa sababu ya kiti. Mama Mwajuma akamwomba aache mazoezi. Sadiki, ambaye hakuna siku aliyomwacha bila utani, alisema kwa sauti ya kawaida, "Fanyia mu chumba, dada. Funga mulango." Amisa akasema akijifungia chumbani, ndipo watu watasema ni kweli.

Alasiri ya kesho yake akaja shefu wa avenue, Papa Kisimba. Huyu ni Mluba wa pale pale, mzee mrefu, mashinisti wa treni wa zamani, anayetembea mpaka leo kama mtu anayeogopa kuchelewesha abiria. Nilikuwa juu ya mpera wetu, kwa hiyo niliona yote. Alisimama mlangoni, akasalimia kwa Kiluba, "Wafwako." Papa Lukmani akamjibu kwa heshima ya Kiluba vilevile, "Eyo, vidye," akamkaribisha.

Kwetu mgeni mwenye umri hasemi shida yake akiwa amesimama. Anapewa kiti kwanza, na kiti unachompa ni kile kizuri kuliko vyote. Vizuri vingine vilikuwa dukani. Amisa akasimama, akakipangusa kiti cha buluu kwa kitenge chake, akakisogeza mbele ya mzee kwa mikono miwili.

"Papa Shefu, ukae."

Papa Kisimba akakitazama kile kiti. Akatazama kifuniko, mwiko, kandambili.

"Hapana, mwana. Minyi nitasimama."

Kukataa kiti cha nyumba ya mtu ni kumwambia kwamba nyumba yake ina kitu. Hilo analijua mtoto mdogo. Mama Mwajuma akatoka jikoni, mikono ina unga.

"Shefu anakataa kiti ya nyumba yangu?"

"Sikukatala, mama. Ni mugongo. Mugongo yangu inapenda kusimama."

"Tangu lini? Kwa Mama Kyabu ulikaa mpaka ukasinzia."

Mzee alikuwa amebanwa. Akikaa, amekaa kwenye lungo. Akisimama, ametukana watu ambao amezikana nao na kula nao miaka yote. Nilimwona akijiuliza. Kisha heshima ikashinda woga, akakaa, lakini pembeni kabisa, nusu ya mwili, mikono ameibandika magotini ili isiguse chochote.

Amisa akaketi juu ya kreti kuumeni kwake.

"Papa Shefu, kiti mwenye umekaa ni ya kapteni. Minyi ni copilote, ninakaa huku. Tunangoja order yako."

"Order ya kwenda wapi?" akauliza mzee haraka.

"Fasi yote unapenda. Lakini hatutatoka mu hii lupango." Akampa karatasi iliyofunikwa plastiki, ile wanayosoma marubani kabla ya kila kitu. "Soma. Ukisoma neno, minyi nitagusa kintu yake na nitakuambia iko sawa. Haiko dawa. Ni kazi."

Papa Kisimba akavaa miwani. Kifaransa chake ni cha reli, kikubwa na kifupi. Akasoma neno la kwanza, Amisa akagusa, akajibu. La pili, akagusa, akajibu. Kufika katikati ya karatasi mzee alikuwa amekaa mwili mzima.

"Breki iko wapi?" akauliza.

"Yulu ya hizi kandambili. Sukuma na vidole."

Akasukuma. "Ya treni ni ya mukono," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeona kosa. "Na king'ora?"

"Haiko."

"Ndege haina king'ora? Na mbuzi ikiingia mu njia?"

"Njo pale tunapita yulu yake na kurudia tena."

Mzee akatafakari. Akasema hapo ndipo wazungu walipokosea. Lakini alimaliza karatasi yote, na alipoinuka alikiri mbele ya wote kwamba alikuwa ametumwa na avenue kuuliza kama ni bulozi.

"Na sasa utabajibu nini?" akauliza Papa Lukmani.

"Nitabajibu ni kazi. Lakini hawataamini. Minyi mwenyewe ningekataa."

Amisa akafikiri kidogo. "Mulozi anajifichaka," akasema. "Basi kesho hii kiti itatoka ku avenue."

Ikatoka. Mchana mweupe, mbele ya lango, karibu na mahali Mama Kyabu anapokaangia mikate. Kiti cha buluu cha Papa Kisimba, kreti ya Amisa, kifuniko, mwiko, kandambili. Siku ya kwanza watu walipita upande wa pili wa njia. Siku iliyofuata wakasimama. Papa Kisimba alikuwa anasoma kwa sauti ya kutangaza treni, na Amisa anamjibu. Kisha mzee akagundua raha ya kumletea matatizo. Alikuwa anangoja Amisa awe yulu, halafu anasema, "Injini imekufa," na kukunja mikono. Amisa alitakiwa aseme bila kusita anafanya nini na anatua wapi. Watu wakaanza kumsaidia. Mmoja anamwambia atue kwenye shamba la mihogo la mjomba wake, mwingine anasema hapana, lile lina vichuguu, atue Sanga, ukingoni mwa ziwa.

Sadiki alileta benchi la dukani. Alisema ndege haiwezi kwenda tupu, ni hasara. Watu wakakaa nyuma yao, wawili wawili. Na hapo ndipo Mama Kyabu alipoacha mafuta yake motoni, akafuta mikono, akaja akasimama mbele ya muuza vocha mmoja aliyekuwa amekaa ukingoni mwa benchi.

"Toka. Minyi ninakaaka kwa dirisha."

"Mama Kyabu, haiko dirisha."

"Njo pale litakuwa. Toka."

Akakaa. Wakaruka mpaka Mulongo. Njiani aliuliza kama wamefika, mara nyingi, na akamwambia Papa Kisimba aendeshe polepole. Walipotua alishuka akiwa ameshika kichwa, akasema kizunguzungu kimemshika kidogo lakini ndege ni nzuri.

Hivyo ndivyo miezi ile ilivyopita kwenye avenue yetu. Asubuhi sabuni, mchana kiti.

Mwezi wa nane safari zikafunguliwa. Matthias akaja na Caravan, mtu mnene, mkimya, mwenye kofia. Nusu ya avenue ilikwenda kwenye uwanja wa ndege, tukabanana kwenye uzio. Ni msimu wa kuchoma mashamba, moshi ulikuwa umetanda, na upepo ulikuwa unapiga piste kutoka ubavuni. Jéthro akatangulia. Alizunguka, akarudi, akatua, ndege ikaruka kidogo kama mpira, ikaruka tena, ikatulia. Tukampigia makofi. Tulikuwa tumekuja kwa ajili ya mwingine, lakini kutua ni kutua.

Kisha Amisa. Akapaa bila tabu. Akiwa mbali tulisikia injini inashuka sauti mpaka karibu na kunyamaza, na Papa Kisimba akatuambia kwa kiburi, "Anamufanyia ile yangu." Sauti ikarudi. Ndege ikageuka, ikaja kutua, ikashuka, ikashuka, tukaona magurudumu yanakaribia ardhi, bawa moja likainama kwa upepo. Na badala ya kugusa, injini ikanguruma, ndege ikapita mbele yetu yote na kwenda juu tena.

Mama Mwajuma alikatisha dua katikati.

"Amepita gare," akasema Papa Kisimba taratibu, akimaanisha kituo cha treni. "Mashinisti akipita gare, haiko muzuri."

"Amesahau," mtu akasema nyuma yetu. Hakuna aliyemkanya.

Ndege ilichukua muda kuzunguka, na muda huo nilimtazama Papa Lukmani. Alikuwa ameshika waya wa uzio kwa vidole vyote. Ikarudi kutoka ule moshi, ndogo, halafu kubwa. Safari hii bawa halikuyumba. Magurudumu yaligusa, la kushoto kwanza, kisha la kulia, kisha la mbele, na hatukujua ni saa ngapi ilikoma kuwa hewani.

Walichoongea chini ya bawa alitusimulia jioni, bukari ikiwa mbele yetu.

"Juu ya nini ulipanda tena?" Matthias alimuuliza.

"Upepo ilinisukuma. Ningeilazimisha."

"Uliona Jéthro alishuka mara moja?"

"Niliona."

"Na bantu bako bote beko pale ku uzio?"

"Nilibaona pia."

Matthias alivua kofia, akajikuna, akavaa. "Bantu bengi bangelazimisha, juu ya aibu tu," akasema. "Kesho ulete sac yako ya nguo, unaanza."

Jéthro alimpa mkono. Alikaa mwaka mzima bila ndege, akipakia madini kwenye malori huko Kolwezi, kisha kampuni nyingine ikamchukua. Amisa anampigia simu mpaka leo. Anasema nafasi ile ingeweza kuwa ya yeyote kati yao, na hilo hataki litiwe chumvi.

Safari ya kwanza ya abiria kutoka Kamina, Sifa alituambia, mwanamke mmoja alisita mbele ya tiketi. Akauliza kama rubani ni yule wa lungo. Mama Kyabu alikuwa pale, amekuja kumtumia dada yake mzigo.

"Lungo gani?" akasema. "Minyi nilishapanda naye mara mingi. Anaendesha muzuri. Ukae kwa dirisha."

Hayo ni ya miaka iliyopita. Mimi sasa niko sekondari, mwaka wa tano, na Amisa ni kapteni, anakaa kiti cha kushoto na kuna kijana anayekaa kulia. Papa Lukmani alifungua duka la pili, akaweka mpwa wake. Mama Mwajuma bado anachelewesha chai.

Mwezi uliopita nilimpelekea Amisa kifurushi uwanjani. Walikuwa wanajaza mafuta kutoka kwenye pipa, kwa pampu ya mkono, kazi isiyo na haraka. Alikuwa amejiegemeza kwenye nguzo ya bawa, anatazama mawingu ya upande wa Upemba. Nikaona ndiyo saa yenyewe. Nikamkumbusha nilivyokuwa nimesimama kwenye lupango yao, nikarudia swali langu neno kwa neno.

Alimwambia mpiga pampu apunguze kasi, akanigeukia.

"Kuipandisha, nilijua," akasema. "Hata kama ungeniamusha mu usingizi. Kuishukisha, hapana. Sikujua. Nilijua ile siku, mara ya pili, wakati magurudumu iligusa chini."

"Sasa juu ya nini haukuniambia vile?"

"Kukuambia weye?" Kapteni Amisa akacheka mpaka mpiga pampu akasimama kututazama. "Ungeenda palepale kumuambia mama yangu."